Namba Mbili za Sensa: Jinsi ya Kufumua Namba Kubwa kwa Kalamu na Kitochi

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 1,194,028 mkoani Lindi na watu 1,634,947 mkoani Mtwara. Namba hizo zilipotoka, mabishano ya barazani yalikuwa yale yale: nani ana watu wengi, nani ana ardhi kubwa. Mtu wa Lindi atakukumbusha kwamba mkoa wake unaumeza wa Mtwara mara kadhaa kwa eneo, na wa Mtwara atakujibu kwamba ardhi haipigi kura. Tuwaache waendelee na kahawa yao.

Hapa tunazifumua namba zenyewe, yaani tunatafuta vigawo vyake. Zote zina tarakimu saba, zote ni za majirani, lakini ndani hazifanani hata kidogo. Ya Lindi inafunguka kwa mbinu anazoziweza mwanafunzi wa darasa la sita. Ya Mtwara inakataa kila unachoijaribia, na kuthibitisha kwamba kweli inakataa ndiyo kazi yenyewe. Ukishazimaliza hizi mbili, namba yoyote ya ukubwa huu utaiweza: kilo za korosho za msimu, namba ya akaunti, chochote.

Unahitaji daftari, kalamu na simu. Kitochi kinatosha. Ila ujue kwanza namna ya kupata baki kwa kikokotoo cha simu, maana kikokotoo hukupa desimali, hakikupi baki. Gawanya, chukua sehemu nzima peke yake, izidishe kwa kigawanyo, kisha toa kutoka namba ya mwanzo. Mfano: 1,634,947 ÷ 43 inaleta 38,022 na desimali. 43 × 38,022 = 1,634,946. Baki ni 1. Usiishie kuandika "haigawanyiki", andika baki. Baki ndiyo itakayomwezesha mwenzako kukukagua.

Hatua ya 1: Angalia mkia

Tarakimu ya mwisho inakwambia kuhusu 2 na 5, mbili za mwisho zinakwambia kuhusu 4, tatu za mwisho kuhusu 8. Namba ya Lindi inaishia na 28, kwa hiyo inagawanyika kwa 4. Tatu za mwisho ni 028, na 28 ukigawa kwa 8 inabaki 4, basi 8 hapana. Namba ya Mtwara inaishia na 7: ni witiri, na 5 haimo. Sekunde chache tu, umemaliza.

Hatua ya 2: Jumlisha tarakimu

Lindi: 1+1+9+4+0+2+8 = 25. Mtwara: 1+6+3+4+9+4+7 = 34. Jumla ikigawanyika kwa 3, namba nzima inagawanyika kwa 3; vivyo hivyo kwa 9. Hapa hakuna hata moja. Endelea kujumlisha hadi ubaki na tarakimu moja: 25 inakuwa 7, na 34 pia inakuwa 7. Hiyo 7 ni baki ya kugawa kwa 9. Iandike pembeni ya ukurasa, tutaihitaji kukagua hesabu mbele.

Hatua ya 3: Tatu-tatu, toa na jumlisha

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na sijui kwa nini shuleni hupitwa haraka. 7 × 11 × 13 = 1,001. Maana yake elfu moja ni pungufu ya 1,001 kwa moja tu, kwa hiyo unapopima kwa 7, kwa 11 au kwa 13, kila elfu moja inahesabika kama −1, na kila milioni kama +1. Basi kata namba katika mafungu ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kisha toa na jumlisha kwa zamu.

Mtwara: 947 − 634 + 1 = 314. Sasa pima 314 badala ya milioni na ushee. Kwa 7 inabaki 6, kwa 11 inabaki 6, kwa 13 inabaki 2. Zote tatu zimetoka kwa hesabu moja.

Lindi: 28 − 194 + 1 = −165. Alama ya kutoa isikutishe, pima 165. Kwa 7 haigawanyiki, kwa 13 haigawanyiki, lakini 165 = 11 × 15. Tumepata mlango: 11 imo.

Hatua ya 4: Menya namba ya Lindi hadi mwisho

Toa kwanza ile 4: 1,194,028 ÷ 4 = 298,507. Kisha 11: 298,507 ÷ 11 = 27,137. Usihame haraka hapa. Wengi wakipata kigawo mara moja wanakisahau, ilhali kigawo kimoja kinaweza kuwemo mara mbili au tatu. Pima tena: 137 − 27 = 110, na 110 ni 11 × 10. Kumbe 11 ingalimo. 27,137 ÷ 11 = 2,467. Pima mara ya tatu: 467 − 2 = 465, ambayo kwa 11 inabaki 3. Sasa 11 imekwisha.

Tumebaki na 2,467. Je, nayo inavunjika? Kanuni ya kujua mahali pa kuacha ni hii: namba ikiwa ni zao la namba mbili zilizo kubwa kuliko 1, lazima moja kati ya hizo isizidi kipeuo cha pili. 49 × 49 = 2,401 na 50 × 50 = 2,500, kwa hiyo ukifika 47 bila kupata kitu, hakuna kitakachopatikana. Tena 2, 3, 5, 7 na 13 hazina haja ya kujaribiwa, kwa sababu 2 tumeshaimaliza na nyingine zilikataa kwa namba nzima. Kisichomo kwenye namba nzima hakiwezi kuwamo kwenye kipande chake. Zinabaki namba tasa tisa (zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe): kwa 17 baki 2, kwa 19 baki 16, kwa 23 baki 6, kwa 29 baki 2, kwa 31 baki 18, kwa 37 baki 25, kwa 41 baki 7, kwa 43 baki 16, kwa 47 baki 23. Kwa hiyo 2,467 ni namba tasa, na namba ya Lindi imefunguka yote:

1,194,028 = 2 × 2 × 11 × 11 × 2,467

Ama kwa ufupi, 22² × 2,467. Ikague kwa ile 7 tuliyoiweka pembeni. 22² ni 484: 4+8+4 = 16, inakuwa 7. 2,467: 2+4+6+7 = 19, inakuwa 10, inakuwa 1. 7 × 1 = 7. Imekubali.

Hatua ya 5: Ibane namba ya Mtwara

Huku hakuna mlango. Hapa tunazungumzia namba ambayo kipeuo chake cha pili kipo kati ya 1,278 na 1,279. Lazima ujaribu kila namba tasa isiyozidi 1,278, na hizo ni 206. Sita za mwanzo (2, 3, 5, 7, 11, 13) tumeshazimaliza. Zinabaki 200 kamili.

Kwanza uzipate hizo namba tasa. Tumia chekecheo la Eratosthenes, mtaalamu aliyezaliwa Cyrene, Libya ya leo, na kufanya kazi Alexandria, Misri, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Andika namba witiri zote kuanzia 3 hadi 1,278, zizungushie alama namba tasa unazozijua, na ukate vigawe vyake. Hulazimiki kukata vigawe vya kila namba: kwa kuwa 36 × 36 = 1,296, ukishakata vya 31 umemaliza. Zilizosalimika, pamoja na 2, ndizo tasa.

Kisha gawa kazi. Klabu ya hisabati yenye wanafunzi 40 itampa kila mmoja namba tano, na haitachukua kipindi kizima. Ushauri wangu: kila namba ipewe watu wawili wasiokaa dawati moja, na baki zao zilinganishwe. Hesabu 200 zikifanywa na mtu mmoja kwa mkupuo, hata awe hodari vipi, sizikubali kama uthibitisho.

Mtapata za kuwatia jakamoyo njiani. Kwa 43 baki ni 1, kama tulivyoona. Kwa 53 na kwa 241 baki ni 3. Kwa 271 baki ni 4. Karibu na mwisho kabisa, 1,249 inaacha 6. Lakini sifuri haitokei popote. 1,634,947 ni namba tasa. Haina kigawo zaidi ya 1 na yenyewe.

Kabla mtu hajasema ni ishara ya jambo fulani: si muujiza. Kwa ukubwa huu, takriban namba moja kati ya kila 14 ni tasa. Na hali yenyewe ni tete mno. Angehesabiwa mtu mmoja zaidi Tandahimba, namba ingekuwa 1,634,948, inayogawanyika kwa 4. Angepungua mmoja Nanyumbu, ingekuwa 1,634,946, ambayo mkia wake na jumla ya tarakimu (33) vinaonyesha papo hapo kwamba inagawanyika kwa 6.

Hatua ya 6: Hesabu vigawo bila kuviorodhesha

Ukishakuwa na vigawo tasa, mengine yote yanafuata. Chukua vipeo, ongeza 1 kwa kila kimoja, zidisha. Lindi ina 2 mara mbili, 11 mara mbili na 2,467 mara moja: 3 × 3 × 2 = 18. Vigawo ni 18. Vyenyewe ni 1, 2, 4, 11, 22, 44, 121, 242, 484, halafu hivyo hivyo tisa ukivizidisha kwa 2,467: 2,467, 4,934, 9,868, 27,137, 54,274, 108,548, 298,507, 597,014 na 1,194,028.

Maana yake inaonekana vizuri ghalani. Magunia 24 ya korosho unaweza kuyapanga sakafuni safu 4 za magunia 6, au 3 za 8, au 2 za 12; magunia 23 yatakubali mstari mmoja mrefu tu. Watu wa Lindi, wakikubali kusimama uwanjani, wana mipangilio tisa ya mstatili, na ulio karibu zaidi na mraba ni safu 484 za watu 2,467. Watu wa Mtwara watasimama mstari mmoja kutoka Mikindani hadi wachoke.

Jumla ya vigawo vyote nayo ina njia yake: (1+2+4) × (1+11+121) × (1+2,467) = 7 × 133 × 2,468 = 2,297,708. Toa namba yenyewe, zinabaki 1,103,680. Zingelingana na 1,194,028 ingekuwa namba timilifu, kama 6 (1+2+3) au 28. Hazikufika, kwa hiyo ni namba pungufu. Ya Mtwara ni pungufu kupita kiasi: ukiiondoa yenyewe, inabaki 1 peke yake.

KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya namba hizi mbili ni 1, na wala huhitaji kuitafuta. Kigawo cha Mtwara kilicho zaidi ya 1 ni yenyewe tu, nayo ni kubwa kuliko Lindi. Hivyo hakuna ukubwa wa kikundi, zaidi ya mtu mmoja mmoja, utakaoigawa mikoa yote miwili bila kubakiza mtu.

Hatua ya 7: Miraba

Je, namba hizi ni jumla ya miraba miwili? Mwanahisabati Mfaransa Fermat aliandika juu ya jambo hili katika barua kwa mwanazuoni mwenzake Mersenne tarehe 25 Desemba 1640, na kanuni tunayoitumia leo ni hii: angalia kila kigawo tasa kinachobakiza 3 kikigawanywa kwa 4. Kila kimoja lazima kiwemo mara shufwa. Lindi ina 11, inayobakiza 3, lakini imo mara mbili, haina neno. Tatizo ni 2,467: inabakiza 3, na imo mara moja tu. Haiwezekani. Mtwara ni tasa, inaishia na 47, inabakiza 3. Nayo haiwezekani. Hapa angalau majirani wamefanana.

Miraba mitatu je? Ondoa kila 4 iliyomo, kisha gawa kwa 8. Baki isipokuwa 7, inawezekana. Lindi inakuwa 298,507, tatu za mwisho ni 507, baki 3. Mtwara 947, baki 3 pia. Zote zinawezekana, kilichobaki ni kuipata. Kwa Lindi tumia 2,467 kwanza kwa sababu ni ndogo. Anza na mraba witiri mkubwa unaoingia: 49² inaacha 66, ambayo ni 2 × 3 × 11, haifai kwa kanuni ya miraba miwili. 47² inaacha 258 = 2 × 3 × 43, haifai. 45² inaacha 442, ambayo ni 441 + 1, yaani 21² + 1². Sasa zidisha kila kimoja kwa 22:

990² + 462² + 22² = 980,100 + 213,444 + 484 = 1,194,028

Kwa Mtwara njia ni hiyo hiyo bila mteremko wa kuipunguza. 1,277² inaacha 4,218, yenye 3 mara moja: acha. 1,275² inaacha 9,322 = 2 × 59 × 79: acha, zote mbili zinabakiza 3. 1,273² inaacha 14,418, ambayo ni 81 × 178, na 178 = 13² + 3². Zidisha kwa 9 ndani ya mraba: 117² + 27². Basi:

1,273² + 117² + 27² = 1,620,529 + 13,689 + 729 = 1,634,947

Tofauti ya miraba ni rahisi zaidi. Mtwara ina njia moja pekee, 817,474² − 817,473². Lindi ina tatu, na inayopendeza ni 2,588² − 2,346². Nyingine mbili zimo kwenye orodha ya vigawo: tafuta jozi za vigawo shufwa ambazo zao lake ni namba nzima, kisha chukua nusu ya jumla na nusu ya tofauti.

Hatua ya 8: Kwa lugha ya kompyuta

Ukitaka kuiona namba ya Lindi kwa 0 na 1, iondolee vipeo vya 2 kuanzia kikubwa: 1,048,576, kisha 131,072, kisha 8,192, 4,096, 2,048, 32, 8 na 4. Nafasi nane zina 1, nyingine sifuri: 100100011100000101100. Tarakimu 21. Sifuri mbili za mwisho ni ile 4 ya hatua ya kwanza.

Hatua ya 9: Peleka kazini

Karani wa chama cha msingi anayenakili kilo kutoka stakabadhi kwenda daftarini ana makosa mawili yanayomwandama: kukosea tarakimu moja, na kubadilishana tarakimu mbili jirani. Ile jumla ya tarakimu (baki ya 9) inanasa karibu yote ya aina ya kwanza, isipokuwa 0 ikigeuka 9 au 9 ikigeuka 0. Ya aina ya pili haioni kabisa. Andika 1,149,028 badala ya 1,194,028: tofauti ni 45,000, na jumla ni 25 ile ile.

Hapo ndipo 11 inapofanya kazi. Kuanzia kulia toa na jumlisha tarakimu kwa zamu. Namba sahihi: 8−2+0−4+9−1+1 = 11, baki sifuri. Iliyokosewa: 8−2+0−9+4−1+1 = 1. Imekamatwa. Ukibadilishana tarakimu mbili jirani zisizolingana, hesabu hii husogea kwa namba shufwa isiyozidi 18, na hakuna kigawe shufwa cha 11 kabla ya 22, kwa hiyo haiwezi kukosa kuonekana. Kagua kwa zote mbili, 9 na 11, kila unaponakili. Inachukua muda mfupi kuliko kusahihisha malipo ya mkulima.

Ya mazoezi

Chukua sensa ya 2012: Lindi 864,652, Mtwara 1,270,854. Fuata hatua ya 1 hadi ya 6. Kwa Mtwara usipuuze jumla ya tarakimu, na mafungu ya tatu-tatu yatakufungulia 13. Kwa Lindi mafungu hayatakusaidia. Endelea hadi 19, halafu usichoke kabla ya 31. Kipande kikubwa cha mwisho kitakuwa 5,431 kwa Mtwara na 367 kwa Lindi, na kila mkoa utakuwa na vigawo 24.